Mpini Kwanza, Triga Baadaye: Ukarabati wa Bastola Kuukuu ya M1911

Katika silaha ndogo za moto, bastola ndiyo inayoutegemea zaidi mkono wa mtumiaji, kwa kuwa haina kitako cha kuegemezwa begani wala mtutu mrefu wa kukamatwa kwa mkono wa pili, na kila kosa la vidole hufika moja kwa moja kwenye mdomo wa mtutu. Mahali ambapo mwili wa binadamu hukutana na chuma hicho ni pawili: mpini, unaofumbatwa na kiganja, na triga, yaani ulimi mdogo unaovutwa kwa kidole cha shahada ili risasi ifyatuke. Si ajabu basi kwamba nchini Marekani, ambako raia huuziana bastola zilizokwisha kutumika kama wanavyouziana magari, mnunuzi wa bastola kuukuu karibu kila mara hufikiria kubadilisha sehemu hizo mbili kabla ya nyingine yoyote. Makala haya yanaufuatilia ukarabati huo kupitia bastola moja mashuhuri, Colt M1911, na yanashikilia rai kwamba wengi huanza upande usio wao: huilaumu triga kwa makosa yanayotoka kwenye mpini, kisha hugusa kwa tupa kile ambacho kingetengenezwa kwa bisibisi.

Bastola hiyo ilibuniwa na John Moses Browning, fundi aliyezaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855, na ilikubaliwa rasmi na Jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911. Ni bastola inayojijaza yenyewe, maana yake ni kwamba nguvu ya risasi moja husukuma nyuma kifuniko cha juu, ambacho mafundi hukiita slaidi, ganda tupu likatupwa nje, nyundo ikapandishwa na risasi nyingine ikaingia kwenye chemba. Hata hivyo, ili risasi hiyo ya pili itoke, sharti kidole kiiachie triga kisha kiivute upya. Magazini, iliyomo ndani ya mpini, hubeba risasi 7 za kipenyo cha inchi 0.45, sawa na milimita 11.4 hivi, na bastola nzima bila risasi ina uzito unaokaribia kilo 1.1.

Jambo ambalo husahaulika kwa urahisi ni kwamba aliyekuwa wa kwanza kuibadilisha triga na mpini wa M1911 hakuwa raia mwenye kupenda mapambo, bali jeshi lenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wataalamu wa silaha waliitazama upya bastola hiyo kwa mujibu wa yale yaliyoonekana vitani, na katika miaka ya 1920 wakaamua mabadiliko ambayo yaliipa jina jipya la M1911A1 mwaka 1926. Triga ilifupishwa ili askari mwenye vidole vifupi aifikie. Kiunzi cha chuma kilichongwa mbonyeo nyuma ya triga, kila upande, ili kidole kipite bila kusugua. Sehemu ya nyuma ya mpini, palipo springi kuu ya nyundo, ilitunishwa ili ijaze kiganja. Na ulimi wa usalama ulio juu ya mpini ulirefushwa, kwa kuwa nyundo ilikuwa ikiibana ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada kila bastola iliporuka nyuma. Katika mabadiliko hayo yote hakuna lililoigusa nguvu ya risasi wala urefu wa mtutu. Yalikuwa mabadiliko ya umbo, na kwa hakika ni hoja nzito kuliko tangazo lolote la muuza vipuri kwamba bastola iliyo njema kiufundi yaweza kuwa mbaya mkononi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa bastola za aina hiyo zinazokaribia milioni 1.9, na nyingi hazikutoka kwa kampuni ya Colt. Remington Rand, kampuni ya mashine za kupiga chapa, iliunda nyingi kuliko wote; Union Switch & Signal, iliyozoea ishara za reli, ilishiriki; Ithaca, watengenezaji wa bunduki za marisau, nao walikuwamo; na Singer, jina ambalo kila fundi cherehani wa Afrika Mashariki analijua, iliunda 500 tu. Jeshi liliendelea kuzitumia hadi lilipochagua Beretta M9 mwaka 1985, na zilizobaki zikalala ghalani hadi Bunge la Marekani lilipotoa idhini, kupitia sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2016, ziuzwe kwa raia kupitia shirika la Civilian Marksmanship Program, lenye ofisi zake Anniston, Alabama. Mauzo yalianza mwaka 2018, kwa maombi ya posta na uchunguzi wa mwombaji, na bei za mwanzo zilikuwa dola 1,050, 950 na 850 kulingana na daraja la uchakavu. Zilikuwa bastola zilizopita karakana za jeshi mara kadhaa, na kwa hiyo ni kawaida kukuta slaidi ya kiwanda kimoja imekaa juu ya kiunzi cha kiwanda kingine, huku sehemu za ndani zikiwa zimetoka kwingine kabisa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya mwenye bastola kuukuu ni kusoma alichonacho kabla ya kununua chochote. Bastola ya Singer iliyosalia na sehemu zake za asili hutafutwa na wakusanyaji kwa bei ambayo mtu wa kawaida angenunulia nyumba, na kuitoboa, kuipiga msasa au kuitia triga ya kisasa ni kuiharibia historia yake kwa saa moja ya kazi. Iliyochanganywa vipuri haina heshima hiyo, na ndiyo inayofaa kuboreshwa. Vilevile kuna swali la nani aliyetangulia. Mwenye bastola wa zamani huenda alikwisha kuilainisha triga kwa jiwe la kunolea juu ya meza ya jikoni, na alama za kazi hiyo hazionekani kwa nje. Kinachoonekana ni nyundo inayoanguka kwa mguso mwepesi kupita kiasi, jambo ambalo muuzaji atalisifu na mnunuzi mwangalifu atalishuku.

Ipo namna ya kulichunguza bila kufungua kitu. Baada ya kutoa magazini na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, nyundo hupandishwa, swichi ya usalama ya kidole gumba huwekwa, na triga huvutwa kwa nguvu kisha ikaachiwa. Halafu swichi huteremshwa taratibu, sikio likiwa karibu. Nyundo ikisogea, au ukisikika mlio mdogo wa chuma kikijirudisha mahali pake, ina maana kwamba swichi haizuii tena inavyopaswa, na sehemu za ndani ziliinuka nusu ya njia wakati triga ilipovutwa. Kisha usalama wa mpini hujaribiwa: bastola ikishikwa bila kuubana ulimi wa nyuma, triga haipaswi kuangusha nyundo kwa hali yoyote. Bastola iliyoshindwa mitihani hii miwili haihitaji kuboreshwa kwanza, inahitaji kutibiwa.

Mpini wa M1911 una sehemu ambayo ni kiunzi chenyewe, isiyobadilika, na vibao viwili vinavyofungwa ubavuni kwa skrubu nne. Vibao vya kwanza vilikuwa vya mti wa mjozi, vimechongwa miraba midogo midogo ya kuzuia kuteleza, na vyenye umbo la almasi kuzunguka kila skrubu. Vya miaka ya vita vilikuwa vya plastiki ya hudhurungi. Kuvibadilisha ndiko kunakoonekana kazi rahisi kuliko zote, na kwa sehemu kubwa ni rahisi kweli, lakini ina mitego miwili ambayo humnasa mgeni. Mtego wa kwanza ni kwamba skrubu haziingii moja kwa moja kwenye kiunzi, bali kwenye vikombe vidogo vyenye hesi ambavyo navyo vimekazwa kwenye kiunzi. Skrubu iliyoshika kutu kwa miaka 40 hukataa kufunguka, na badala yake kikombe kizima ndicho kinachozunguka na kutoka, pengine kikiwa kimeharibu hesi laini ya kiunzi, ambayo kuirudisha ni kazi ya fundi mwenye mashine. Tone la mafuta ya kulegeza kutu, subira ya usiku mmoja na bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu huokoa kiunzi.

Mtego wa pili hauonekani hadi uharibifu utokee. Upande wa kushoto, juu kidogo ya kibao, kuna kijibomba chembamba kilichopigiliwa kwenye kiunzi, ambacho ndani yake mna springi inayoisukuma swichi ya usalama upande mmoja na kishikilia slaidi upande mwingine. Kibao cha asili kimekatwa ili ukingo wake ukae chini ya kijibomba hicho na kukizuia kisibanduke. Vibao vya kupendeza vinavyouzwa rejareja mara nyingine hukatwa pengo kubwa mno mahali hapo, na kijibomba kilicholegea kwa umri kikipoteza egemeo lake, huchomoka kidogo, springi ikatoka mahali pake, na swichi ya usalama ikakwama au ikalegea. Hivyo kipande cha mbao ambacho mtu alikinunua kwa ajili ya rangi yake huwa kimeondoa sehemu ya mfumo wa usalama bila mwenyewe kujua.

Kilicho muhimu zaidi kwa mlenga shabaha ni unene. Vibao vyembamba, ambavyo huhitaji vikombe na skrubu fupi zaidi, huupunguza mzingo wa mpini kiasi cha kuwezesha kidole kifupi kuifikia triga kwa nyama ya ncha yake badala ya kuigusa kwa shida, ilhali mtu mwenye kiganja kikubwa huona mpini mwembamba ukizunguka mkononi kila risasi inapotoka. Kidole kinapolazimika kunyooka sana ili kuifikia triga, ubavu wake hulala juu ya kiunzi na kukisukuma, na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia mtutu huelekea kushoto katika sekunde ile ile ya kufyatua. Hesabu yake si ngumu. Umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele ya kulengea katika M1911 ni milimita 165 hivi, na kwa hiyo mtutu ukipotoka milimita 1 tu, risasi iliyolengwa umbali wa mita 25 itaanguka sentimita 15 pembeni, wakati duara la alama 10 katika shabaha ya kimataifa ya umbali huo lina kipenyo cha sentimita 5. Mpigaji anayeona risasi zake zimekusanyika vizuri, ila zote upande wa kushoto, kwa kawaida atahitimisha kwamba triga ni nzito, naye ataitafutia dawa. Kumbe dawa yake ingekuwa kibao chembamba zaidi, au triga fupi yenye uzito ule ule.

Historia ya michezo ya Olimpiki ina mfano unaoeleza vizuri zaidi jinsi mkono unavyotangulia chuma. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, aliumizwa vibaya mkono wake wa kulia na guruneti mwaka 1938, na baada ya hapo alijifunza kulenga kwa mkono wa kushoto, akashinda medali ya dhahabu ya bastola ya kufyatua kwa haraka, mita 25, mjini London mwaka 1948, kisha akairudia Helsinki mwaka 1952. Bastola za mashindano ya aina hiyo huwa na mipini inayochongwa kwa kiganja cha mtu mmoja, kulia au kushoto, hata mwingine akiishika huhisi amevaa kiatu cha mwenzake. M1911 haifiki huko, kwa kuwa magazini iliyo ndani huweka mpaka wa kuchonga, lakini mwelekeo ni ule ule.

Kuhusu vitu vinavyotengenezewa vibao, uzuri na manufaa havikai pamoja siku zote. Mpira uliozungushwa mpini mzima, ambao Pachmayr wa Los Angeles aliupatia umaarufu, hupunguza mshtuko na haujali jasho wala mvua, lakini hushika nguo na kuufanya mpini uwe mnene. Nyuzi za kioo zilizoshindiliwa kwa gundi ngumu hutoa kibao chembamba kisichovimba kwa unyevu. Mbao hubaki na wapenzi wake, na hapo Afrika Mashariki inaingia bila kualikwa, kwa sababu mpingo wa Tanzania na Msumbiji, ambao sifa yake kubwa duniani ni zumari za klarineti, ni miongoni mwa mbao zinazochongwa vibao vya bastola za bei kubwa. Mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia, sawa na kokobolo wa Amerika ya Kati unaopendwa sana na wachongaji wa vibao, na tangu Januari 2017 jenasi nzima imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Vumbi la kokobolo, kwa wale wanaodhani kupiga msasa kibao ni burudani isiyo na madhara, huweza kuwasha ngozi na mapafu vibaya.

Pembe za ndovu zina habari ndefu zaidi. Jenerali George Patton alinunua mwaka 1916 rivolva ya Colt, yaani bastola yenye gurudumu linalozunguka na kubeba risasi, ikiwa na mpini wa pembe, na picha zake za Vita Kuu ya Pili ziliufanya mpini huo utambulike duniani kote. Katika karne ya 19 shehena kubwa za pembe zilizopita Unguja zilishushwa Connecticut, jimbo lile lile lenye kiwanda cha Colt, ijapokuwa huko zilikatwa hasa kuwa vitana na vibao vya piano. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na kanuni za Marekani za mwaka 2016 zikaibana pia biashara ya ndani, zikiacha mlango mdogo kwa vitu vya zamani vyenye pembe chini ya gramu 200 na kwa masharti mengine mazito. Mnunuzi wa bastola kuukuu yenye vibao vyeupe vya kale anapaswa kujua kwanza vimetengenezwa kwa nini, kwa kuwa kibao cha mfupa au plastiki hakina kesi, na cha pembe chaweza kuwa nayo.

Triga ni habari nyingine, kwani hapo kosa halionekani na haliondoki kwa kurudisha skrubu nne. Triga ya M1911 haizunguki kwenye pini kama ilivyo kwa bastola nyingi, bali huteleza moja kwa moja kwenda nyuma, ikiwa imeunganishwa na pingu nyembamba ya chuma inayopita kulia na kushoto kwa magazini. Pingu hiyo husukuma kitenganishi, kipande kinachohakikisha kwamba mvuto mmoja hutoa risasi moja tu, nacho hukisukuma kizuizi cha nyundo. Ncha ya kizuizi hicho huwa imejikita ndani ya kidato kilichochongwa kwenye mguu wa nyundo, na mara inapochomoka, nyundo huanguka, hupiga pini, na pini hugonga fataki, yaani kile kikombe chenye kemikali ya kuwasha kilicho kwenye kitako cha ganda. Katika bastola iliyoandaliwa kwa mashindano, kimo cha kidato hicho ni nusu milimita hivi. Usalama wa mpigaji, wa jirani yake na wa kila aliye mbele ya mtutu hushikiliwa na nusu milimita hiyo ya chuma.

Mafundi huugawanya mvuto wa triga katika hatua. Kuna mwendo wa awali, ambao kidole huvuta bila kukutana na upinzani wa maana. Kuna mkwaruzo, pale ncha ya kizuizi inapoburuzika ndani ya kidato kabla ya kuchomoka. Kuna mkatiko, nukta ambayo nyundo inaachiwa. Kuna mwendo wa ziada baada ya hapo. Na kuna mrudio, umbali ambao triga hurudi mbele kabla ya kuwa tayari tena. Uzito wa mvuto, unaopimwa kwa kilo, ni kipimo kimoja tu katika mambo hayo, na pengine si kikuu. Triga ya kilo 2 inayokatika ghafla, bila mkwaruzo, humsumbua mpigaji kidogo kuliko ya kilo 1.5 inayoburuzika na kusitasita, kwa maana kidole hakiogopi uzito kinachoujua, kinaogopa kushtukizwa. Triga za jeshi katika M1911 zilikaa kati ya kilo 2 na 3, na nyingi zinasumbua kwa mkwaruzo wake zaidi ya uzito.

Njia ya busara ya kuuondoa mkwaruzo ni kununua nyundo, kizuizi na kitenganishi vilivyolinganishwa kiwandani na kuuzwa pamoja, kisha kumpelekea fundi wa silaha avifunge na kuvipima. Njia ya mkato ni kuchukua jiwe na kuipangusa ncha ya kizuizi cha zamani, na hatari yake iko katika pembe: nyuzi mbili zikikosewa, kizuizi huwa kinajisukuma chenyewe nje ya kidato. Tena, kama chuma kimekomazwa kwa nje tu, jiwe huondoa ngozi ngumu na kuacha kiini laini ambacho kitalika baada ya risasi mia chache. Dalili ya mwisho ya kazi hiyo ni nyundo inayoifuata slaidi: slaidi inaporudi mbele kwa kishindo, nyundo haibaki juu, bali hushuka nayo, na bastola ama hukwama kwenye kidato cha nusu, kile kinachoinasa nyundo katikati ya njia, ama hutoa risasi ambayo hakuna aliyeiamuru. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1934, silaha inayotoa zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja wa triga huhesabiwa kuwa bunduki ya rashasha, na fundi wa jikoni anaweza kujikuta akieleza mahakamani kile alichokiita uboreshaji.

Kukunja springi nako kuna hila yake. Ndani ya mpini wa M1911 kuna springi ya bapa yenye vidole vitatu, kimoja cha kukibana kizuizi cha nyundo, cha kati cha kitenganishi na triga, na cha tatu cha usalama wa mpini. Anayekunja kidole cha kwanza nyuma ili triga iwe nyepesi huwa anapunguza nguvu ile ile inayokiweka kizuizi ndani ya kidato bastola inapoanguka au slaidi inapogonga. Springi kuu ya nyundo nayo ikilegezwa kupita kiasi, mvuto hupungua, lakini nyundo hukosa nguvu ya kuwasha fataki ngumu.

Triga mpya yenyewe, ile ya alumini yenye matundu matatu ambayo wengi hudhani ni pambo, ina sababu njema ya kuwapo. Slaidi inapojifunga, kiunzi hutikisika, na triga nzito ya chuma, kwa ukaidi wa uzito wake, huweza kubaki nyuma kidogo na kukigonga kizuizi. Kuipunguzia uzito kwa matundu ni kuipunguzia uwezo wa kufanya hivyo. Ndani ya uso wake mna skrubu ndogo ya kukata mwendo wa ziada. Ikizungushwa mno, triga husimama kabla kizuizi hakijainuka vya kutosha, na ncha yake husuguana na kidato cha nusu kila nyundo inapoanguka hadi inamegeka. Isipotiwa gundi ya hesi, yaweza kujizungusha yenyewe uwanjani na kuifanya bastola igome kabisa.

Si kila mwenye silaha anayetaka triga nyepesi. Waingereza, walipoibadilisha rivolva yao ya jeshi, Enfield namba 2, mwaka 1938 kwa ajili ya wanajeshi wa vifaru, waliikata pembe ya nyundo iliyokuwa ikinasa kwenye vitu ndani ya kifaru, wakaondoa kabisa uwezo wa kuipandisha nyundo kwa mkono, wakailegeza springi ili mvuto mrefu uvumilike, na wakatengeneza vibao vipya vyenye nafasi ya kidole gumba. Huo ulikuwa uboreshaji wa triga na mpini kwa wakati mmoja, kwa agizo la serikali, na wapigaji wengi wa shabaha hawakuupenda hata kidogo.

Jiji la New York lilienda mbali zaidi. Polisi wake walipohamia kutoka rivolva kwenda bastola zinazojijaza, bastola zao za aina ya Glock zilifungwa springi iliyoufanya mvuto uwe wa kilo 5.4 hivi, zaidi ya maradufu ya mvuto wa kawaida wa kilo 2.5, kwa hofu ya risasi za bahati mbaya. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walimfyatulia mtu mwenye silaha risasi 16, na watu 9 waliokuwa wakipita njia wakajeruhiwa kwa risasi au vipande vyake. Triga haikuwa sababu pekee, na huenda haikuwa kubwa, kwani mapigo ya moyo na umati vina sehemu yao. Lakini taasisi ya utafiti ya RAND ilikuwa imekwisha kupendekeza mwaka 2008 kwamba triga nyepesi zijaribiwe, na mwaka 2021 jiji hilo likaanza kuwaruhusu polisi wapya kutumia mvuto mwepesi zaidi. Uzito mkubwa hulinda dhidi ya kidole kilichoteleza, na hulipisha gharama kwa kidole kilichokusudia.

Mpangilio wa kazi unatokana na hayo yote: vibao kwanza, kisha urefu wa triga, kisha, ikiwa bado kuna sababu, sehemu za ndani kwa mkono wa fundi. Nchini Kenya, Sura ya 114 ya sheria humtaka anayefanya biashara ya kukarabati silaha awe amesajiliwa, kwa hiyo mwenye leseni hana haja ya kulijaribu jambo hilo nyumbani. Baada ya kazi, mitihani ile miwili ya usalama hurudiwa, na bastola hupelekwa uwanjani ikiwa na risasi mbili tu kwenye magazini, ili ikijifyatua yenyewe isimame upesi. Vibao vya zamani, triga ya awali na springi zilizoondolewa hutiwa kwenye mfuko wenye namba ya bastola, kwa kuwa mnunuzi ajaye ataziulizia na atazilipia.

Kwa wanaoingia mashindano ya bastola za kijeshi ya Civilian Marksmanship Program, hukumu ya mwisho hutolewa na kipande cha chuma chenye ndoano: bastola tupu, nyundo ikiwa juu, husimamishwa mtutu ukielekea angani, ndoano huning'inizwa kwenye triga, na uzito wa ratili 4, yaani kilo 1.8, huinuliwa polepole kutoka mezani. Nyundo ikianguka kabla uzito haujaachana na meza, bastola haipiti, hata triga yake iwe laini namna gani.